Kichupa Chenye Jina la Mwezi

Mpwa wangu, ambaye huu ni mwaka wake wa tisa akiendesha gari la abiria katika mji wa Maskati, alirejea Kilole siku nne kabla ya Idi akiwa na masanduku mawili, na ndani ya lile la pili, baina ya halua, udi na kanzu za watoto, mlikuwa na kichupa cheupe kilichovishwa karatasi ya rangi ya dhahabu kama tunu ya arusi. Aliketi nami barazani, upande ule ambao kivuli cha mwembe huwahi kufika, akaniamkia mara ya pili kana kwamba shikamoo ya mlangoni haikutosha, kisha akakiweka kichupa juu ya mkeka baina yetu.

"Mjomba," alisema, "hiki nimemletea binti yetu. Kule nilikouliza, wenye maradhi ya shingo kama yake wanameza hivi na wanapata nafuu. Lakini mama yake amekataa kumpa mpaka utamke wewe."

Binti anayenenwa ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili, mwenye umri wa miaka 12, ambaye tangu mwaka juzi anameza kidonge kila siku kwa sababu tezi iliyo mbele ya shingo yake, ile ambayo vitabu huiita tezi dundumio, imeshindwa kazi yake. Ukadhi niliotwikwa sikuutaka. Mimi si tabibu. Ni mwalimu mstaafu ambaye, kwa kudura ya kupangiwa kazi mbali na kwao, alipata kuwagawia watoto wa watu dawa ya tezi hiyo hiyo kwa mkono wake, na tangu hapo jamaa zangu wamenihesabia elimu ambayo sikuwa nayo wakati ule na ambayo hata sasa ninayo nusu tu. Nikavaa miwani, nikasoma. Kiliandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza kwamba kina seleniamu, mikrogramu 200 katika kila kidonge, na kwamba mtu mzima ameze kimoja kwa siku. Habari za mtoto hazikutajwa kabisa.

Sikutamka neno siku ile. Nilimwambia mpwa wangu apumzike kwanza na safari, nami nikakaa peke yangu hadi magharibi, na mambo ya miaka arobaini yakanijia moja baada ya jingine bila ya kuitwa.

La kwanza lilikuwa kosa langu mwenyewe, tena la karibuni. Kabla ya maradhi ya mtoto huyu kujulikana, alipokuwa anaelekea kutimiza miaka kumi, alianza kuwa mzito wa kila jambo. Alama zake za hesabu zilishuka, chuoni alisinzia juu ya msahafu, na mwezi wa Februari, wakati ambapo mbwa wa Korogwe hutafuta kivuli tangu saa tatu ya asubuhi, yeye alikuwa akijifunika sweta. Sare ya shule iliyoshonwa miaka miwili nyuma iliendelea kumkaa vyema, na mama yake akashukuru kwa kuepushwa na gharama ya kitambaa, asijue kwamba alikuwa akishukuru kwa mtoto wake kutokukua. Mimi, niliyefundisha zaidi ya miaka thelathini na kujigamba kwamba namsoma mtoto kwa kumtazama usoni, nilitoa hukumu yangu upesi: huyu ni mvivu. Nikamnyima runinga, nikamwandikisha jedwali la kuzidisha mara ishirini. Katika zahanati moja aliambiwa kwamba amepungukiwa damu, akapewa vidonge vya madini ya chuma, na miezi ikapita uso wake ukizidi kuvimba na ngozi ikizidi kukauka. Ndipo mama yake alipopanda naye basi, wakapita Segera na Chalinze hadi Dar es Salaam, na huko katika hospitali kubwa akatolewa damu ya kupimwa. Tabibu aliyeyasoma majibu, mwanamke kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, aliniambia kwa simu maneno ambayo sikuyasahau: "Babu, binti huyu si mvivu. Kinga ya mwili wake imemgeuka."

Alinieleza kwa taratibu. Mwili una askari wake, ambao kazi yao ni kupambana na vijidudu vinavyoingia. Lakini kwa baadhi ya watu, na wengi wao wakiwa wanawake, askari hao huidhania tezi ya shingo kuwa adui, wakaishambulia kidogo kidogo hata ikachakaa, mithili ya mgambo aliyeajiriwa kuilinda nyumba ambaye kila usiku humpiga mwenye nyumba. Maradhi haya huitwa kwa jina la Hakaru Hashimoto, tabibu wa Kijapani aliyeyaandika mwaka 1912, kwa lugha ya Kijerumani, baada ya kuzichunguza tezi za wanawake wanne. Tezi ikishachakaa, homoni yake hupungua. Na kwa kuwa homoni hiyo ndiyo inayouamrisha mwili kasi ya kuungua kwa chakula, kukua kwa mifupa na wepesi wa akili, mtoto aliyepungukiwa nayo hupoa kama jiko lililomwagiwa maji. Tiba yake ni kumpa homoni ile ile kwa kidonge kiitwacho levothairoksini, kila siku, pengine umri wake wote.

La pili lilikuwa la zamani sana. Bibi yangu mzaa mama, mzaliwa wa milimani upande wa Bumbuli, alikuwa na rovu shingoni la ukubwa wa chungwa, ambalo alilizungushia shanga nyeupe na kulifunika kwa ncha ya kanga alipokwenda gulioni. Sisi wajukuu tulidhani kila bibi wa milimani huzaliwa nalo. Wakubwa walisema limetokana na kubeba mizigo kichwani, wengine wakasema ni maji ya chemchemi, na hakuna aliyeona haja ya kulitafutia dawa maadamu halikumuuma.

Lakini darasa langu la kweli lilikuwa Makete. Nilipohitimu Chuo cha Ualimu hapa hapa Korogwe, mwaka 1985, nilipangiwa shule ya msingi katika wilaya ile ya nyanda za juu kusini, nami niliyekulia baina ya mashamba ya mkonge na Mto Pangani nikapanda treni ya TAZARA hadi Makambako, kisha lori la viazi kupitia Njombe, nikafika mahali ambapo asubuhi majani huwa meupe kwa baridi na watu huzungumza wakiwa wamekumbatia mikono yao wenyewe. Jambo la kwanza nililoliona, baada ya ukungu na maua meupe ya pareto, lilikuwa shingo za watu. Rovu lilikuwa kwa akina mama, kwa wazee, kwa wasichana wa darasa la sita. Na baadaye nilikuja kusoma kwamba tabibu Michael Latham, aliyekuwa akihudumu Tanganyika, aliwapima watu wa Ukinga, ndiko huko Makete, na akachapisha mwaka 1965 kwamba robo tatu ya aliowachunguza walikuwa nalo. Sababu ilikuwa mvua. Karne kwa karne maji yanayoporomoka milimani yameyasafisha madini joto kutoka katika udongo, hata viazi, mahindi na mboga zinazoota humo hazina kitu hicho cha kumpa mlaji, na tezi iliyokosa malighafi hiyo hujitanua kama mvuvi anayeongeza upana wa jarife katika bahari isiyo na samaki.

Shingo, hata hivyo, hazikuwa ubaya mkubwa. Ubaya ulikuwa katika madawati. Darasani kwangu walikuwamo watoto wema, watiifu, wasiokosa shule hata mvua inyeshe vipi, ambao somo la jana halikuwakaa kichwani hata kidogo. Na walikuwapo kijijini watu wachache waliozaliwa mabubu na wafupi, wenye akili ya mtoto mdogo, waliokaa jikoni kwa ndugu zao. Nami nilikuwa kijana, nina fimbo, na nilifundishwa na walimu wenye fimbo. Niliwachapa. Sikujua, wala aliyenifundisha ualimu hakuniambia, kwamba mama akikosa madini joto wakati wa mimba ubongo wa mtoto hunakisika kabla hajaona jua, na kwamba hata mtoto aliyezaliwa salama hupoteza sehemu ya wepesi wake akiendelea kuyakosa. Na baada ya kulijua hilo kwa uchungu kiasi hicho, miaka mingi baadaye nikarudi kumwandikisha mjukuu wangu jedwali mara ishirini! Maarifa ya mtu hukaa mahali alipoyapatia. Yangu yalikaa Makete, katika baridi, nami sikuwa nimeyabeba mpaka nyumbani kwangu kwenye joto.

Katika nusu ya pili ya miaka ile ya 1980 Serikali, kwa Wizara ya Afya na Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoundwa mwaka 1973, ilianza kuwagawia watu wa wilaya zilizoathirika zaidi vidonge vya mafuta yenye madini joto, ambavyo mtu akivimeza humwekea akiba ya mwaka mmoja au zaidi. Walipofika shuleni kwetu, mimi nilipewa daftari na kikopo, nikawapanga watoto mistari miwili, kila mmoja akameza mbele yangu na kufungua kinywa nione. Maelekezo yalikuwa bayana: wapewe watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, wazee wenye marovu makubwa ya siku nyingi wasipewe.

Palikuwa na mzee aliyelinda shule yetu usiku, mtu wa murua, mwenye rovu la mafundo mafundo lililomfanya apumue kwa sauti. Alisimama kando ya mistari tangu asubuhi hadi mchana, hakusema kitu. Watoto walipokwisha, alinijia akaniuliza kwa upole: je, mwalimu, shingo za watoto zina thamani kuliko yangu? Sikuwa na jibu. Nikatazama huku na huku, nikampa viwili, na moyo wangu ukajaa furaha ya mtu aliyetenda hisani. Sikujua kwamba mjukuu wake naye alivificha vya kwake shavuni, akaenda kumpa babu yake.

Baada ya wiki chache mzee alianza kutetemeka mikono. Akawa anatoka jasho katika baridi ile, akakonda huku anakula, na usiku alisikia moyo wake ukimkimbia hata akaogopa kulala. Alichukuliwa kwa machela hadi hospitali, na huko tukaelezwa kwamba tezi iliyozoea njaa kwa miaka arobaini, ikiwa na mafundo ambayo hayasikii tena amri ya mwili, ikimwagiwa madini joto kwa ghafla huweza kutengeneza homoni bila ya kiasi. Kwa fadhila za Mola alitibiwa akapona. Alirudi kazini, na kila jioni aliendelea kuniamkia kwa taadhima na kunishukuru kwa kuwa nilimwonea huruma, na shukrani ile, mpaka nilipohamishwa mwaka 1993, ilikuwa ni adhabu niliyopewa kila siku wakati wa kufunga ofisi. Vidonge vile vile, siku ile ile, viliwanusuru mamia ya watoto. Mkono uliovitoa ulikuwa mmoja, na nia ilikuwa njema kwa wote.

Niliporejea Korogwe zama za chumvi zilikuwa zinaingia. Kanuni za katikati ya miaka ya 1990 zililazimisha chumvi ya kuliwa itiwe madini joto, na sisi walimu tuliletewa vichupa vya maji ya kupimia: mtoto analeta chumvi ya kwao katika kipande cha karatasi, unadondosha tone moja, na chumvi yenye madini hugeuka rangi ya samawi mbele ya macho. Ilikuwa sherehe kila mara. Chumvi ya pakiti ya dukani iligeuka. Ile ya mawe, inayouzwa kwa kopo gulioni kutoka katika mashamba ya chumvi ya pwani, aghalabu ilibaki nyeupe, na mtoto aliyeileta akarudi kwenye dawati kama aliyeshindwa mtihani. Hata hivyo kazi ile ilizaa matunda. Katika upimaji wa nchi nzima wa mwaka 2004 marovu yalikutwa kwa watoto wa shule wapatao 7 katika kila 100, ilhali miaka ya 1980, katika wilaya zile mbaya zaidi, zaidi ya nusu ya watoto walikuwa nayo.

Nimeyasimulia hayo ili msomaji aelewe kwa nini kichupa cha mpwa wangu kilinitia hadhari. Asubuhi yake nilikipeleka kwa rafiki yangu mmoja, tabibu aliyestaafu, anayekaa ng'ambo ya reli na kufuga mbuzi wa maziwa, mtu ambaye alifanya kazi Kigoma katika miaka ya wakimbizi pamoja na matabibu wa Kikongo na ambaye huzungumza taratibu mno, kana kwamba bado anapima kila neno kwa sindano. Alikigeuza kichupa, akatabasamu. "Seleniamu," alisema. "Jina lake ni la mwezi." Ndivyo ilivyo: Berzelius wa Uswidi alipolivumbua dutu hili mwaka 1817 alilipa jina la mwezi kwa Kiyunani, kwa sababu lilifanana na jingine lililokwisha kupewa jina la ardhi.

Kisha akaniambia kwamba si dutu la ulaghai. Nchini China, katika wilaya ya Keshan, kuanzia mwaka 1935 yalijulikana maradhi ya moyo yaliyoua watoto na wanawake, na katika miaka ya 1970 ikathibitika kwamba udongo wa kule una seleniamu haba mno na kwamba watoto waliopewa vidonge vyake waliugua kwa nadra. Na tezi ya shingo, kwa uzito wake, ndiyo inayohifadhi seleniamu kwa wingi kuliko kiungo kingine chochote. Homoni inayotoka katika tezi hutoka ikiwa bado mbichi. Ili iweze kufanya kazi lazima ivuliwe chembe moja ya madini joto, na kifaa cha kuivua kimeundwa kwa seleniamu. Fauka ya hayo, tezi inapotengeneza homoni hutoa sumu kidogo ya kuunguza, na anayeizima sumu hiyo ni kifaa kingine cha seleniamu.

"Basi apewe?" niliuliza.

Hakunijibu. Alinisimulia habari za Kongo, nami nazieleza hapa kwa urefu kwa kuwa ndizo zilizoniamulia.

Katika Ziwa Kivu kuna kisiwa cha Idjwi, ambacho watafiti wa Kibelgiji, akiwamo Delange, walikichunguza miaka ya 1960 wakitokea kituo cha Lwiro. Waliona jambo la ajabu: kaskazini ya kisiwa marovu yalikuwa tele, kusini-magharibi yalikuwa machache, ilhali madini joto yalikuwa haba pande zote mbili kwa kiasi kimoja. Tofauti ilikuwa muhogo. Watu wa kaskazini waliula zaidi, na muhogo usioondolewa sumu yake vyema huacha mwilini kitu kinachoizuia tezi isiyapokee hata yale madini machache yaliyopo. Hapo nilimkatiza, maana sisi wa Korogwe na Handeni bada ni chakula chetu, na njaa ikiingia makopa ndiyo yanayotulinda; akaniambia kwamba muhogo uliovundikwa na kuanikwa ipasavyo, ukaliwa kwa samaki na chumvi yenye madini, hauna ugomvi na shingo ya mtu, na kwamba aliyeuharakisha kwa njaa ndiye anayedhurika. Bibi zetu waliovundika makopa siku kadhaa hawakuwa wakipoteza wakati.

Lakini Kongo ilikuwa na fumbo jingine. Huko, kuliko kwingineko, wengi wa waliozaliwa na upungufu wa tezi hawakuwa na marovu. Tezi zao zilikuwa zimenyauka, zimekuwa makovu. Watafiti wakauliza: ni nini kilichoziunguza? Katika nchi ya Ubangi, kaskazini ya Zaire ya wakati ule, wakakuta kwamba fauka ya madini joto watu walikuwa wamekosa na seleniamu. Ikaonekana kana kwamba dawa imepatikana. Wakawapa watoto wa shule na watu tisa wenye tezi zilizonyauka mikrogramu 50 tu za seleniamu kila siku, kwa miezi miwili. Majibu yalichapishwa mwaka 1991. Kwa watoto wa shule homoni ile mbichi ilishuka, ingawa hawakuugua. Kwa wale tisa, ambao homoni yao ilikuwa haba tangu mwanzo, ilizidi kushuka. Watafiti wenyewe, Contempré na wenzake, wakaandika onyo kwamba isigawiwe seleniamu mahali penye upungufu wa madini joto kabla ya kuuondoa upungufu huo.

"Fikiri nyumba yenye unga kibaba kimoja na isiyo na kuni," alisema rafiki yangu, huku akimfukuza mbuzi aliyekuwa akiitamani karatasi ya dhahabu. "Wanapika kidogo kidogo kwa vijiti, na unga unasogea siku tatu. Wewe ukawaonea huruma, ukawaletea mzigo wa kuni. Usiku huo wanapika wote. Kesho wanalala njaa, na kuni zimejaa uani."

Nilimkumbuka mlinzi wa Makete, nikanyamaza.

Aliendelea kuniambia, kwa kuwa ni mtu mwadilifu asiyependa hoja yake ishinde kwa kuficha, kwamba mjukuu wangu si mtu wa Ubangi: chumvi yetu ni ya pakiti, samaki anakula, na homoni anayoihitaji anaimeza tayari. Hatari ile si yake. Kwake yeye swali ni jingine. Mwaka 2002 watafiti wa Kijerumani waliwapa wanawake wenye maradhi haya mikrogramu 200 kwa siku, na baada ya miezi mitatu askari wale waasi wakapungua katika damu, na hapo ndipo umaarufu wa kichupa ulipoanzia. Kwa watoto mambo hayakuwa hivyo: walipojaribiwa Ujerumani na Uturuki haikuonekana faida, na walipojaribiwa Ugiriki aina moja ya askari ilipungua. Lakini askari kupungua katika karatasi ya maabara si sawa na tezi kupona, na mama wa mtoto haangalii karatasi, anaangalia kama mtoto ameamka amechangamka.

Kisha tukapiga hesabu. Mtoto wa miaka 12 anahitaji mikrogramu 40 kwa siku, kiasi ambacho hakifiki uzito wa punje moja ya chumvi laini, na ambacho aghalabu hupatikana kwa samaki, yai na nafaka. Mpaka ambao hapaswi kuuvuka ni 280. Kidonge kimoja cha Maskati na chakula chake cha kawaida vingemsogeza karibu na mpaka huo, na viwili vingemvusha. Aliyezidisha kwa siku nyingi hupukutika nywele, kucha zikavunjika, na pumzi ikanuka kama kitunguu saumu. Mwaka 2008 huko Marekani watu wapatao 200 walipata madhara hayo kwa dawa lishe ya maji iliyochanganywa vibaya kiwandani, ambayo lebo yake ilisema mikrogramu 200 vile vile. Nakisi ya dutu hili ni maradhi na ziada yake ni maradhi, na baina ya viwili hivyo nafasi ni nyembamba. Na kama mjukuu wangu alikuwa na nakisi hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyempima.

Nilirudi nyumbani nikiwa na jibu lakini sina uso wa kulitolea. Zawadi iliyovuka bahari hairudishwi kama chenji. Mpwa wangu aliubana mshahara wake. Na mbele ya mama, shangazi na majirani waliokuja kumpa mkono wa Idi, kukikataa kichupa chake kungekuwa ni kumkataa yeye. Nikamwambia kwamba nimekipokea kwa mikono miwili na kwamba nitakipeleka kwa tabibu wa mtoto Dar es Salaam, siku ya kliniki, ili yeye ndiye aseme kipimo. Aliridhika. Alirejea Maskati akiamini kwamba jambo limekwisha.

Siku ya kliniki nilikwenda mwenyewe. Tabibu yule kijana alimpima mtoto urefu na uzito, akasoma majibu mapya ya damu, akakunja uso kidogo, kwa kuwa kipimo kile cha TSH, ambacho hupanda wakati mwili unapoililia tezi, kilikuwa bado juu licha ya dawa. Nikadhani sasa ataomba kichupa. Alikitazama, akakisoma lebo, akakiweka pembeni, kisha akamgeukia mtoto akamwuliza maswali ambayo sisi wazee wote wa Kilole hatukuwahi kuyafikiria.

"Unameza kidonge chako saa ngapi?"

"Asubuhi, wakati wa chai."

"Chai ya rangi au ya maziwa?"

"Ya maziwa. Na chapati."

"Na kuna dawa nyingine unayomeza?"

Mtoto akanitazama. "Vile vyekundu vya kuongeza damu. Babu ananinunulia."

Nilikuwa nikivinunua mimi. Tangu zahanati ile ya mwanzo iliposema kwamba amepungukiwa damu sikuwahi kuacha. Kila mwisho wa mwezi, nikishapokea pensheni, nilipita duka la dawa nikachukua pakiti, nikamwekea juu ya meza karibu na kikombe chake, na nilijiona babu mwema. Tabibu akanieleza, kwa heshima iliyonichoma kuliko karipio, kwamba madini ya chuma huishika levothairoksini tumboni na kuizuia isiingie katika damu, na kwamba maziwa nayo huizuia kiasi. Kwamba kidonge humezwa kwa maji matupu nusu saa au zaidi kabla ya chochote, na vyekundu, kama vingehitajika, vingekaa mbali saa nne. Kisha akaongeza kwamba damu ya mtoto ilikuwa imekwisha kutengemaa tangu mwaka uliopita. Kichupa cha mwezi hakukitaja tena. Alinikabidhi wakati wa kutoka, nami nikakitia mfukoni.

Sasa mjukuu wangu huamka kwa adhana ya alfajiri. Namsikia akifungua mtungi, akinywa, akirudi kitandani kusubiri, na mimi kitandani kwangu nahesabu pamoja naye mpaka jogoo wa jirani na honi ya treni ya mizigo, kama ipo siku hiyo, zinapotuambia kwamba chai inaruhusiwa. Mwezi uliopita mama yake alipeleka sare kwa fundi kushonewa mpya, na akalalamika bei ya kitambaa kwa sauti ya furaha. Kichupa kiko juu ya kabati langu, kimevaa dhahabu yake, nyuma ya redio.

Mpwa wangu hupiga simu kila Ijumaa. Ananiamkia, anauliza hali ya mvua, anauliza bei ya machungwa, na mwisho huuliza kama mtoto anameza.

"Anameza, baba," namjibu, "tena kila siku, haachi."

Wala hajaniuliza anameza nini, nami sijamwambia.